Trekta Nililomchagulia Mtani Wangu

Siku mliyoniaga pale karakana mlinipa saa ya ukutani, shuka na hotuba tatu, na Fundi Zawadi, aliyerithi benchi langu, akasema niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nilidhani ni maneno ya sherehe tu. Wiki mbili baadaye akanitumia daftari kubwa la jalada gumu kwa mtu wa bodaboda, na ukurasa wa kwanza ameandika: "Mzee Ndahani, anza na namna ya kuchagua trekta kuukuu." Basi naanza hapo. Vyeo vyangu havikuwa vingi na mshahara haukuwa wa kusimuliwa, kwa hiyo hayo tutayaruka.

Nitawaeleza ninachokijua kuhusu trekta kuukuu. Lakini nawaambia mapema kwamba liko moja nililolichagua mwenyewe, likamwua rafiki yangu, na mke wake mpaka leo hajui nilichokijua mimi siku lilipokuwa linanunuliwa. Nimejaribu mara mbili kumwambia. Kila nikianza kuandika habari za oili na klachi, mkono unanipeleka huko, kwa hiyo mtanivumilia.

Nilifika karakana mwishoni mwa miaka ya themanini, kijana kutoka vijiji vya nyuma ya Chamwino, nimevaa suruali ya kaka yangu iliyokunjwa mara mbili. Fundi mkuu alikuwa Mzee Dauda, Msandawe wa upande wa Chemba, mtu mfupi, mkavu, ambaye maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyahesabu. Alinionyesha trekta lililosimama uani, akasema, "Kesho linakaguliwa," akaingia ndani. Hakuna aliyeniambia nifanye nini. Nikaona nijipendekeze. Nikachota maji, nikaomba sabuni, nikalisugua lile trekta kuanzia rejeta mpaka ringi za nyuma hadi likang'aa. Mzee Dauda alipotoka akasimama akaliangalia muda mrefu.

"Nani kaosha?"

"Mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umefuta ushahidi."

Hilo ndilo somo langu la kwanza na ninawapa kama nilivyopewa. Trekta linasema linavujia wapi kwa uchafu wake. Vumbi letu la Dodoma ni shahidi mzuri: pale oili inapotoka, vumbi linanata na kuwa tope jeusi. Ukikuta trekta kuukuu limeoshwa injini mpaka linanukia sabuni, jua kwamba mwenye nalo amekutangulia. Mzee Dauda alinifanya niliendeshe siku ile ile kuzunguka uwanja wenye vumbi mpaka jioni, ili lichafuke upya. Nilikula vumbi hadi mate yakawa mekundu.

Siku hiyo hiyo nilimjua Leonard Kihwele. Alikuwa mtunza stoo, amekaa nyuma ya dirisha la wavu, amevaa koti la kijivu lenye kalamu nne mfukoni, ambazo mbili hazikuandika. Nilikwenda kuomba spana. Akaniuliza kabila. Nikasema Mgogo. Akaweka kalamu chini, akacheka peke yake.

"Mungu mkubwa! Miezi mitatu nimekaa hapa sina mtu wa kumtukana. Mimi Mhehe. Spana sikupi, utakwenda kukaa barabarani uombe nayo."

"Wewe nipe tu. Ukinikatalia nitawaambia majirani wafunge mbwa wao."

Kwa mliozaliwa mjini nieleze kidogo. Wahehe na Wagogo ni watani tangu mababu zetu walipoacha kupigana na kuibiana ng'ombe. Mtani anakutukana, sisi kwa kuombaomba, wao kwa kula mbwa, na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kuingia kwako akachukua jogoo. Na ukifa, wakati ndugu zako wanalia, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuvaa nguo zako, kuiga mwendo wako na kukusema vibaya mbele ya jeneza, mpaka wafiwa wacheke. Kazi hiyo haina mwingine wa kuifanya. Mimi na Kihwele tulifanya kazi pamoja zaidi ya miaka thelathini na sikumbuki siku tuliyosalimiana kama watu. Yeye angesema, "Mbukwa, bado hujafa?" kwa Kigogo kibovu, na mimi, "Kamwene, nakusubiri wewe," kwa Kihehe kibovu zaidi.

Mzee Dauda alinifundisha kukagua kwa kunibeba nyuma ya pikipiki kwenda kwa wauzaji. Tulifika alfajiri, kabla mwenye trekta hajapiga mswaki, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha maradhi. Kwanza anaweka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, anarudi kwenye pikipiki bila kuaga. Ikiwa baridi, anachomoa kijiti cha oili, ananusa, anapaka kati ya vidole. Oili iliyo na rangi ya chai ya maziwa ina maji. Kisha anawasha, anafungua kifuniko cha kuwekea oili na kuweka kiganja pale juu. Moshi ukipuliza kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha, na maneno mengine yote ya muuzaji ni hadithi. Akimaliza, ananyanyua jembe au mashine ya kufyekea kwa haidroliki, anaiacha juu, anaomba chai. Akirudi akakuta imeshuka, haidroliki inavuja kwa ndani. Chai yenyewe hakuisifu hata mara moja.

Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka nikaichoka: taja kwanza kasoro za kuua, kisha ndiyo utaje kasoro za hasara. Mnunuzi husikiliza mwanzoni tu. Ukianza na rangi na matairi, ukifika kwenye breki ameshaanza kufikiria atalipitisha wapi majirani walione. Ndiyo maana fomu yetu ya ukaguzi, ambayo nyie mnailalamikia kuwa ndefu, ina sehemu ya HATARI juu kabisa, na mnunuzi anatia sahihi hapo kabla hajageuza karatasi. Fomu ile aliitunga Mzee Dauda kwa mkono, akaipigisha chapa mjini.

Niwape kesi moja ngumu. Mama mmoja mtumishi, wa hawa waliohamia na serikali, alinunua ekari mbili upande wa Ihumwa, nyasi na miiba mitupu, akapenda trekta moja kwa picha ya simu. Nilipokwenda kulikagua gia zilikuwa kimya mno. Trekta la umri ule halinyamazi bila sababu. Nikafungua nati ya kumwagia oili ya giaboksi, ikatoka oili nzito iliyochanganywa na unga wa mbao. Ni ujanja wa zamani, unaziba kelele kwa wiki chache, kisha meno ya gia yanabaki hewani. Nikamjazia fomu. Alinikasirikia mimi badala ya muuzaji, akaniambia nimezoea kukatisha watu tamaa. Akalinunua hata hivyo. Likamfia kabla ya masika kwisha. Lakini lilimfia yeye akiwa hai, na fomu alikuwa nayo.

Sasa nifike kwenye jambo la aibu yetu sote. Trekta lina swichi ndogo ya usalama, kwa mengine iko kwenye klachi, kwa mengine kwenye mti wa gia. Kazi yake ni kuzuia trekta lisiwake likiwa ndani ya gia. Swichi ile ikiharibika, huku kwetu nani anatafuta nyingine? Tunaunganisha waya moja kwa moja, biashara imekwisha. Na ufunguo ukifa, tunasimama chini, kati ya tairi la mbele na la nyuma, tunagusisha bisibisi kwenye misumari miwili ya stata, ile mota ya kuwashia injini, cheche zinaruka, injini inawaka. Nimefanya hivyo mara zisizo na idadi, asubuhi kwa asubuhi, mbele ya dirisha la stoo. Mzee Dauda alinigombeza mara moja tu, kisha naye akaonekana akifanya. Ninyi mlijifunza kwangu. Msibishe, nimewaona.

Mzee Dauda alistaafu, akarudi Chemba, na baada ya miaka michache tukapokea habari kwamba ametangulia. Nikabaki mimi wa kubebwa na watu kwenda kukagua. Miaka ya karibuni kazi hiyo ilizidi. Watu walinunua vipande vidogo vya ardhi Chamwino, Hombolo, hadi njia ya Mtera, na kila mmoja alitaka trekta dogo la kusafishia na kukatia majani. Yakaanza kuja yale madogo kutoka Ujapani, yenye maandishi ambayo hakuna anayeyasoma. Kuhusu hayo, msiamini mita inayohesabu saa za kazi. Mita inaweza kusema limefanya kazi kidogo sana, wakati pedali ya klachi imelika mpaka chuma kinang'aa. Aminini pedali. Na kwa ekari zisizofika tano, nguvu ya farasi ishirini na tano inatosha kabisa. Trekta kubwa kwenye shamba dogo linageukia kwa jirani.

Kihwele alistaafu mwaka mmoja kabla yangu. Alikuwa na ekari nne Hombolo: moja ya zabibu, tatu za miiba na nyasi, ambazo mkewe, Mama Tuli, alikuwa anazifyeka kwa kwanja akisaidiwa na vibarua, mgongo ukiuma. Kihwele aliapa kwamba mwanamke huyo hatainama tena. Akaniambia nimchagulie trekta. Nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha. Nilimwambia Mhehe na trekta ni sawa na mbuzi na redio.

Tulikwenda Kizota Jumamosi asubuhi, kwenye yadi ya mtu mmoja anayeuza matrekta. Palikuwa na mawili ya bei yake. Moja lilikuwa dogo, la Kijapani, injini safi, lakini tairi za nyuma zimepasuka pasuka. La pili lilikuwa la zamani, kubwa, la aina iliyokuwa karakana kwetu nilipoanza kazi, na mashine ya kufyekea ipo nyuma yake tayari. Kihwele alilizunguka hilo la pili huku akilipigapiga kama ng'ombe. Kwa miaka yote alikuwa ametoa vipuri vyake dirishani, namba zake zote alikuwa nazo kichwani, na hajawahi kukalia kiti chake.

Nililikagua kwa haki. Injini ya baridi, oili safi, moshi mdogo, haidroliki ilikaa juu mpaka tukamaliza chai. Shafti ya nyuma inayozungusha mashine ilikuwa na kifuniko chake. Breki ya mkono haikushika. Kisha nikapanda kitini, nikaingiza gia ya kwanza, nikazungusha ufunguo bila kukanyaga chochote. Trekta likaruka mbele hatua nzima, mtu wa yadi akakimbia, kikombe chake kikamwagika. Nikazima. Nikashuka, nikaangalia chini: waya mwekundu, umeungwa moja kwa moja, swichi haipo.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Ningesema, "Leonard, hili litakuua. Usilinunue mpaka swichi irudi na breki ya mkono itengenezwe." Maneno hayo machache yangetosha. Fomu zilikuwa kwenye mkoba wangu, nilizoea kutembea nazo. Nikaitoa moja, nikafungua kalamu. Kihwele akaniona.

"Weee! Mtani unaniandikia hati ya mashtaka?"

Mtu wa yadi akacheka. Nami nikaona haya. Sijui niwaelezeje haya ile. Kumpa Kihwele karatasi atie sahihi kungekuwa kama kumwambia kwamba leo sisi ni watu baki. Na kumwita Leonard, jina ambalo sikuwahi kulitumia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia, sikuweza. Nikarudisha fomu mkobani. Nikasema kwa lugha yetu.

"Haya. Lichukue. Siku moja litakukanyaga kama nyanya, nami nitakuja kuvaa koti lako."

"Utatangulia wewe. Nitavaa hizo ndala zako."

"Swichi ya usalama halina, umesikia? Linawaka ndani ya gia."

"Kama Mgogo. Linaondoka kabla halijaagizwa."

Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Ninawaapia kwamba nilimwambia. Maneno yote muhimu yalitoka mdomoni mwangu, swichi, gia, kukanyagwa, na hakuna hata moja lililofika, kwa sababu kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimemtabiria kifo kila asubuhi. Nilimwua kwa radi, kwa nyoka, kwa mlenda uliochacha. Angejuaje kwamba safari hii ninamaanisha?

Mngesema labda ningerekebisha baadaye. Nilikwenda Hombolo mara mbili. Mara ya kwanza nilikuta ekari mbili zimeshasafishwa, miiba imerundikwa pembeni, na Mama Tuli amekaa kwenye kiti chini ya banda anachambua zabibu, mgongo umenyooka. Aliniambia, "Shemeji, umenipa mume mpya. Anaamka na trekta, analala na trekta." Mara ya pili ufunguo ulikuwa umekufa. Kihwele alishuka, akasimama kati ya matairi, akatoa bisibisi mfukoni, akagusisha, likawaka. Akanigeukia kwa majivuno.

"Unaniona? Nilikuwa nakuangalia dirishani miaka yote."

Nikasema, "Bado hujafa tu?"

Akasema, "Nakusubiri wewe."

Nikapanda gari nikarudi mjini. Njiani nilijiambia kwamba mwisho wa mwezi nitakwenda na swichi na waya na kumaliza jambo hilo. Mwisho wa mwezi ukafika nikiwa na shughuli za kustaafu, karatasi hapa, mihuri pale.

Kihwele alikufa Jumanne asubuhi. Shamba lake lina mteremko kidogo upande wa bwawa, na kwa kuwa breki ya mkono haikushika, alikuwa na desturi ya kuliacha trekta ndani ya gia ya kwanza ili lisitambae. Akili nzuri kabisa, fundi yeyote angemsifu. Asubuhi hiyo alisahau kuitoa. Akasimama pale ninaposimama mimi, pale mnaposimama ninyi, akagusisha bisibisi. Mama Tuli alikuwa jikoni. Alisikia injini ikiwaka, akaendelea na uji. Kilichomtoa nje ni kwamba injini ilikuwa inakwenda mbali bila sauti ya kubadilisha gia. Alilikuta trekta limejikita kwenye nguzo za zabibu, gurudumu linachimba, halina mtu. Mume wake alikuwa nyuma, karibu na mlango wa banda.

Watu walisema siku yake ilifika. Mchungaji alisema Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Mdogo wake aliyetoka Iringa alisema mashine ni mashine. Hakuna aliyeuliza nani aliichagua, na waliokumbuka walinipa pole zaidi kuliko wengine.

Njia nzima ya kwenda mazishini niliamua kwamba nitamwambia mkewe. Nilipofika, uwanja umejaa, nikakosa upenyo. Baada ya ibada, Wagogo wa pale kijijini, waliochimba kaburi, wakaanza utani wao kama ilivyo haki yao, wakasema Mhehe huyu ameogopa kuvuna zabibu. Watu wakaanza kulegea kidogo. Kisha Tuli, binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, akanijia na lile koti la kijivu, limefuliwa na kupigwa pasi.

"Baba mdogo, mama anasema uvae wewe. Anasema hakuna mtani mwingine aliyekuzidi kwa baba."

Nikavaa. Lilinibana mabegani. Kalamu nne zilikuwa bado mfukoni. Nikasimama mbele ya watu wote na nikaona hii ndiyo nafasi niliyoitafuta, kwa hiyo nikasema.

"Ndugu zangu, mimi ndiye niliyemwua Kihwele."

Watu wakainua vichwa kunitazama. Kisha mmoja wa wachimba kaburi akapaza sauti kutoka nyuma, "Mkamateni!" na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi, kwa sababu hakuna mtani anayeanza bila kusema hatanii. Nikawaeleza habari ya swichi. Nikawaambia niliona waya kwa macho yangu, nikatoa fomu, nikairudisha. Nikawaonyesha kwa mkono jinsi alivyosimama na bisibisi, na kwamba aliyemfundisha kusimama vile ni mimi. Nilikuwa nimevaa koti lake, nimeinama kama yeye, na kila nilichosema kilikuwa kweli, na watu walikuwa wanajipiga mapaja. Machozi yakanitoka. Mzee mmoja akaniita kwa furaha, "Machozi ya mamba hayo! Huyu ni mtani kamili!" Wakapiga makofi.

Nikamtafuta Mama Tuli kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanamtikisika. Nikadhani amenielewa. Khanga ikashuka nikaona anacheka, machozi yanamtiririka, anacheka kama alivyokuwa akitucheka mimi na mumewe tulipokuwa hai wote wawili. Nikavua koti, nikalikunja, nikampa Tuli.

Baada ya mazishi mama yule alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Asante, mtani. Tangu Jumanne hata maji yalikuwa hayapiti kooni. Leo nimecheka. Na yeye angecheka."

Nilisema pole, shemeji.

Nilingoja arobaini ipite. Nikaenda siku ya kazi, pasipokuwa na watu, nimevaa shati la kanisani, sikusalimia kwa mzaha. Aliniletea kiti na chai. Nikaweka kikombe chini, nikasema, "Shemeji, nimekuja kuzungumza jambo zito kuhusu lile trekta." Kabla sijaendelea nikaona midomo yake imeanza kucheza.

"Haya, sema," akaniambia, "leo umemwua nani?"

Alikuwa amekonda. Nyasi za ekari zile tatu zilikuwa zimeanza kurudi, na kwanja lilikuwa limeegemezwa ukutani, limenolewa. Alikuwa ananiangalia kwa hamu, kama mtu aliyesubiri siku nyingi kusikia kitu cha kuchekesha. Nikamwambia nimemwua jogoo wake mmoja njiani. Akacheka. Nikanywa chai, nikaaga. Kabla ya kuondoka nilikwenda bandani nikafungua stata ya lile trekta, nikaondoka nayo, ili lisiwake kwa mtu mwingine yeyote.

Zawadi, stata iko kwangu, imefungwa kwenye gunia. Nakuomba uende Hombolo na swichi mpya, uifunge, utengeneze na breki ya mkono, na ufunguo, ndipo uirudishe stata mahali pake. Ukimaliza umjazie fomu. Mama Tuli anaweza kulihitaji trekta, au kuliuza, lakini asiliuze hivyo lilivyo. Na ninyi wengine, fomu mjazieni kila mtu, na aliye karibu nanyi ajaziwe wa kwanza. Akikucheka, mwache acheke, kisha mpe kalamu.

Jambo la mwisho si la kiufundi. Kurasa hizi, kuanzia pale Kizota mpaka hapa, zitoeni nakala moja, mmpelekee Tuli amsomee mama yake polepole, mchana, wakiwa wawili tu. Nisipeleke mimi. Nikienda mimi atacheka.